Koti la Mahameli Ambalo Halikupewa Habari

Nimealikwa tena mwezi wa tano huu. Rafiki yangu mmoja anamwoza mdogo wake, karamu ni Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja wa huku Berea, Durban, na ameshatuonya kabisa kwamba hataki kuona mtu amekuja kama anakwenda sokoni. Haya. Kupendeza si kazi, kazi ni kupendeza bila kupita dukani. Nikafanya kama tulivyofundishwa nyumbani: nikafungua kabati kwanza. Nguo za Mama bado ziko humo, upande wa kushoto. Tangu tumzike, wakati wa joto, sijazigusa. Nikasogeza gauni moja, la pili, na mkono wangu ukakutana na mahameli ya kijani. Nilifunga lile kabati upesi, nikakaa kitandani. Wewe tumejuana miaka, na hujawahi kuniuliza kwa nini natoka jikoni mtu akitia karafuu kwenye chai. Leo nitakwambia.

Nimekulia Point, kwenye ghorofa la zamani karibu na bandari, kabla hawajalibomoa na kusimamisha yale majengo ya vioo. Lifti yake ilikuwa pambo tu. Tulikuwa watatu: mimi, Mama aliyekuwa akisuka nywele saluni mjini, na Bibi, mama yake Mama, ambaye alimfuata mwanawe kutoka Kigoma akiwa na masanduku mawili ya nguo na neno moja la Kiingereza, "no". Mlango unaofuata aliishi jirani yetu Mkongo, mama wa kanisa, mcheshi, anayependa kuvaa kuliko kula. Kuta zilikuwa nyembamba, akipiga pasi tunasikia.

Shuleni mwalimu alituchoresha majani ya njano yakianguka, akasema huo ndio mwezi wa nne na wa tano. Majani gani? Miti ya Durban haina habari. Kinachoanguka huku ni joto. Unaamka asubuhi moja shuka halijakunata mwilini, upepo wa kusini unaleta harufu ya viwanda vya kule Jacobs, na Bibi anapiga makofi: "Haya, masanduku!" Maana sherehe zote za watu wetu zilisubiri msimu huo. Posa, harusi, ubatizo, maulidi, vyote. Nani avae koti mwezi wa kwanza, ayeyuke mbele ya wakwe?

Basi kitanda kizima kinajaa nguo, chumba kinanuka udi, na mimi kazi yangu ni kushika kioo. Hakuna kipya hata kimoja, na hakuna anayejali. Sketi ya kitenge ya mwaka juzi inafumuliwa, inakuwa kilemba. Tai ya marehemu Babu inafungwa kiunoni, gauni la kazini linapata umbo. Vifungo vya blauzi hii vinahamia ile. Bibi alikuwa na sheria zake. "Anza na viatu, uso utajitafutia wenyewe." Na nyingine: "Kitu kimoja kipige kelele, vingine vyote vinyamaze." Jirani naye hakosi, anaingia na gauni begani bila hodi. "Mama, hii robe yangu iko peke yake, inaomba veste!" Bibi anampa koti. Watu husema nguo ya kuazima haistiri matako. Bibi akilisikia hilo alikuwa anacheka: "Basi hawajaazima kwangu."

Kilichoazimwa kuliko vyote ni koti lake la mahameli, kijani kibichi, mabega yamesimama, lina mfuko mmoja mkubwa upande wa kushoto. Ukiliweka juu ya dera ni sawa, ukiliweka juu ya gauni la kanisani ni sawa. Mfukoni hakukosi karafuu, alikuwa akizitafuna mchana kutwa. Mama hakuzipenda, zilimwuma meno. Mimi Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, na tuligombana kweli kweli juu ya Babu ambaye sikuwahi kumwona. "Mke mwenza, umenimalizia chai ya mume wetu!" Nilimpenda yule mwanamke mpaka nilikuwa nasahau njaa.

Sasa sikiliza desturi yao. Sijaiona kwa mtu mwingine yeyote, hata Kigoma wapo waliocheka nilipowauliza. Mtu akifariki, siku ya arobaini nguo zake zinagawiwa, lakini kabla hazijavaliwa, mdogo kuliko wote nyumbani anazipa habari. Anashika kola, anasema: "Mwenyewe amekwenda, harudi. Sasa wewe ni wa fulani." Nguo moja moja. Bibi alinieleza mwenyewe akiwa mzima, huku anakunja. "Nguo haina macho, mke mwenza. Usipoiambia, itajuaje? Itamngoja."

Alifariki wakati wa joto, usingizini, tukamzika hapa hapa Durban. Siku ya arobaini wanawake wakasoma, wakala, na mimi nikapewa kazi yangu. Nilikuwa darasa la tatu. Nilizipa habari kanga, madera, hata soksi, huku nalia mpaka kamasi zinaingia mdomoni. Nikamaliza masanduku yote mawili. Hakuna aliyekumbuka kwamba koti la mahameli lilikuwa ukutani kwa jirani, ameliazima kwa ajili ya harusi ya kanisani kwao. Alilirudisha baadaye, limepigwa pasi vizuri, akalitundika nyuma ya mlango wetu, na sote tukaliona tukasema tu, aah, koti la Bibi.

Mwezi wa nne ukafika bila mtu wa kupiga makofi. Jirani alikuwa anampokelea mahari binti wa dada yake, ukumbi uko Berea, na Mama hakuwa na hamu. Mwishowe akavaa gauni lake jeusi la kazini, akafunga tai ya Babu kiunoni, akasimama mbele ya kioo nilichokishika. "Kimoja kipige kelele," akasema, akacheka kidogo, akanyoosha mkono nyuma ya mlango. Aliingiza mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Akafunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, na Mama siku zote alianzia juu. Kisha mkono ukazama mfukoni, ukatoka na karafuu, akaitupa mdomoni akaanza kutafuna.

Ngazi alishuka akishika ukuta, goti la kushoto likikataa kukunjika. Goti bovu lilikuwa la Bibi. Ukumbini alikaa pembeni na wazee. Mfanyabiashara mmoja wa Kitanzania, aliyemjua Bibi tangu Kigoma, alikuja kumpa mkono, na Mama akamwitikia kwa jina la utani la utotoni mwake, akamwuliza kama bado anakojoa kitandani. Mzee wa watu akaweka sahani chini. "Binti, hilo jina nani amekwambia?" Mama alinigeukia, akanitazama kwa jicho moja limefumba nusu, kama alivyokuwa akinitazama Bibi. "Mke mwenza," akasema, "nenda kaniletee maji ya uvuguvugu."

We acha tu. Mama kumwita mwanawe mke mwenza! Haisemeki hiyo, hata kwa mzaha. Nywele zilinisimama. Lakini nitakwambia ukweli, chini ya ule woga nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilikimbia kuyaleta yale maji, yakamwagika nusu njiani.

Tuliporudi akavua koti, akasukutua mdomo, akaniuliza chakula kilikuwa kitamu? Hakukumbuka. Nilijua mara moja ni lile koti, watoto wanajua mambo. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubatizo, na mimi ndiye niliyemletea, nimelibeba kwa mikono miwili. "Mama, husikii baridi?" Akalivaa. Bibi akaja, akanisuta kwamba nimekonda, akanipeleka dirishani tukahesabu meli. Baada ya hapo hapakuhitajika sherehe. Kila jioni akirudi saluni nilimngoja mlangoni nalo. "Mama, husikii baridi?" Na kila jioni karafuu zilikuwemo mfukoni, ingawa dukani hakuna aliyekwenda.

Wiki zikapita hivyo. Mama alianza kukonda. Akachelewa kuamka, kisha akaacha kwenda kazini, akawa analala nalo. Jirani alikuja kuazima, kama kawaida ya msimu, akamkuta kwenye kiti cha Bibi, goti limenyooshwa, anatafuna. Akasimama. Alinivuta koridoni, na yule mama mcheshi hakuwa anacheka.

"Mutoto, hii veste, uliiambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Eish. Siku ile ilikuwa kwangu. Mungu wangu, ilikuwa kwangu." Akanishika mabega. "Ingia uiambie. Sasa hivi."

Nikakataa. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya milango yote ya korido, kwamba sitaki, Bibi amerudi na mimi simfukuzi. Nikaingia ndani nikamfungia mlango. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta anaomba kwa Mungu wake, kwa Kifaransa.

Bibi alikuwa dirishani. Nikaenda nikajibana kwenye mahameli, ilikuwa ya moto kama mtu mwenye homa. Akanipapasa kichwa. Tukakaa, kijua cha alasiri kiko kwenye winchi za bandarini. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Mke mwenza, mama yako yuko wapi? Mbona siku hizi simwoni?"

Nilimtazama. Uso ulikuwa wa Mama, mikono ilikuwa ya Mama, ina alama za kuungua na pasi ya nywele. Nikaita, "Mama?" Akageuka kuangalia mlangoni, kuona kama Mama ndiye anayeingia.

Hapo ndipo nilipoelewa nimempoteza nani. Nikashika kola. "Mwenyewe amekwenda," nikasema. Jicho lake lililofumba nusu likanitazama, wala halikukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Amekwenda, harudi. Sasa wewe ni wa Mama." Mahameli ikapoa mkononi mwangu. Mfukoni, nilipotia mkono, hapakuwa na kitu.

Mama alitema karafuu kwenye kiganja, akaikunjia uso. Kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma. Hakuwahi kulizungumza zaidi ya mara moja, nami nilikuwa mkubwa tayari, tunachambua mchele. Alisema kule alikokuwa hakukuwa na giza, na wala hakuumia. "Ila nilikuwa nakusikia," akasema. "Kila ulipomwita yeye, nilikuwa nakusikia." Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Koti likawa lake. Alilivaa miaka yote, misimu yote ya sherehe, akaliazimisha mtaa mzima, na halikufanya lolote tena. Lilikuwa koti tu. Mfukoni aliweka pini zake za nywele.

Leo lile ghorofa halipo. Jirani alihamia ng'ambo na wanawe. Siku hizi watu wetu wananunua nguo kwa simu, wanavaa mara moja, picha, basi. Nani atafungua sanduku, nani atapiga makofi? Ile desturi nayo imebaki kichwani mwangu peke yangu. Siku ya arobaini ya Mama nilijua vizuri nini cha kufanya. Mdogo nyumbani ni binti yangu, yuko darasa la pili, Mama alikuwa anamwita mke mwenza na walikuwa wakigombana juu ya baba yangu mpaka majirani wanacheka. Nilitaka kumwita, nimweleze maneno. Nikasema kesho. Nguo zikakaa kabatini, zote, zikingoja.

Na juzi, baada ya kukaa pale kitandani, nililifungua tena kabati. Nijaribu tu, nikasema, nione kama linakaa juu ya gauni langu jeusi. Lilikaa, rafiki yangu. Lilikuwa la moto. Nilijiona kwenye kioo na pini ya nywele nimeibana midomoni, kama alivyokuwa akifanya Mama akisuka, na sikukumbuka kuitia mdomoni. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasikia mtu anamwambia, "Mke mwenza, njoo nikubane hizo nywele." Niliisikia kwa mbali, kama tulivyokuwa tukisikia pasi ya jirani ukutani. Mtoto alikimbia akajitupa kwenye mahameli. "Bibi," akasema, "Bibi, usiende tena." Nilitaka kumwambia ni mimi. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Sijui nililivua saa ngapi. Najua kwamba yeye ndiye aliyelitundika, na hakulirudisha kabatini, amelitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Maneno ni machache, naweza kumfundisha kabla maji ya chai hayajachemka. Ni mama yangu, lakini. Sijamsikia tangu wakati wa joto.

Sasa hivi ninapokueleza haya jua linashuka na upepo umegeukia kusini. Binti yangu amekuja amesimama mbele yangu, amelibeba kwa mikono miwili.

"Mama," anasema, "husikii baridi?"

Nasikia. Wallahi, rafiki yangu, nasikia baridi.