Ubeti Uliofunikwa na Salamu

Dukani Buguruni, wanakojaza nyimbo kwenye flashi, nikiwa nasubiri zamu yangu, mama mmoja wa makamo aliuliza kabla hajaketi: "Mwanangu, zile albamu za zamani zilizotolewa upya umezipata?"

Muuzaji akapiga wimbo mmoja. Mama akauimba ubeti wa kwanza bila kukosea neno. Ulipoanza wa pili, akanyamaza, kiganja mdomoni.

"Vipi mama, umesahau?"

"Sijawahi kuusikia! Kaseti yetu marehemu baba aliirekodi redioni. Hapa mtangazaji alikuwa anasoma salamu, na jina la baba likasomwa. Kumbe chini yake yule dada mwimbaji alikuwa anaimba hivi? Rudisha, mwanangu."

Ukarudishwa mara tatu. Kila mara alitikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa asali. "Sauti hii, jamani! Haijazeeka."

"Basi ile kaseti katupe sasa," muuzaji akamtania.

"Nitupe? Yule dada nitamsikia humu kwenye flashi. Jina la baba nitalisikia wapi?"

Mimi nilikwenda na kanda ya harusi ya wazazi wangu, nikitaka muuzaji anifutie kelele za watu. Nikairudisha mkobani, nikaaga.