Niliwekwa kwenye kikao cha kuasili mtoto kama mtu wa nje, nikauliza pacha wake yuko wapi

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika hapa si chai. Majina tu nimeyabadilisha, kwa ajili ya mtoto.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliacha darasa la sita. Asubuhi moja niliamka Geita nikajiona nimechoka na mji, nikadandia lori la mpunga bila kuuliza linaenda wapi. Dereva akanishusha maeneo ya Kolandoto.

Nikapata kibarua cha kuezeka bati kwenye makao ya watoto.

Juu ya paa unaona mengi. Kulikuwa na binti wa kama miaka minne, Neema. Mtu na mkewe, wenye duka mjini, walikuwa wanataka kumuasili. Mlezi akimwita Neema, haitiki. Watoto wenzake wakimwita Doto, anakuja mbio.

Siku ya kikao cha kupitia shauri lake ikafika. Utaratibu wao, lazima awepo mtu asiye wa kituo wala wa ustawi wa jamii, wa kuangalia kama mambo yanaenda sawa. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa kiti hicho alikuwa mgonjwa.

Mkuu wa kituo, Mama Eliza, akatazama juu.

"Fundi, una ndugu hapa?"

"Sina, mama."

"Rafiki je?"

"Hata nilikotoka sina."

Wakacheka. "Basi wewe ndiye mtu wa nje kweli kweli. Shuka, unawe mikono."

Nikaambiwa nisikilize tu, mwisho niseme nimeridhika.

Afisa ustawi, dada mgeni kutoka Tanga, akaeleza: mtoto aliokotwa gulioni Mwakitolyo, kwenye machimbo. Ndugu wametangaziwa redioni, hawakujitokeza. Vikao vyote vya nyuma vilisema hivyo hivyo.

Nikauliza kwa nini watoto wanamwita Doto.

"Ndilo jina alilokuja nalo," Mama Eliza akasema. "Neema tulimpa sisi."

"Na tangazo lilitafuta ndugu wa nani?"

"Wa Neema."

"Sasa Kulwa yuko wapi?"

Afisa akauliza Kulwa ni nani.

Ikabidi yule dada aelezwe kwamba huku kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto. Mama Eliza, Msukuma wa kuzaliwa, alishika mdomo. "Nilidhani ustawi mlishauliza."

"Na mimi nilidhani nyie mmeuliza."

Kikao kikaahirishwa. Kesho yake afisa akaenda Mwakitolyo, nikaomba kufuatana naye.

Hatukuhangaika. Mapacha hawasahauliki. Tukaelekezwa kwa bibi yao, tukamkuta anaponda mawe ya dhahabu. Tukamwamkia, akaitikia, akatutolea vigoda. Yeye alijua binti yake amehama na Doto kufuata machimbo mengine, akamwachia Kulwa. Kumbe yule mama alimwacha Doto gulioni, siku imejaa wageni, akaondoka peke yake.

"Na Kulwa, bibi?"

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Kaburi dogo. Homa, masika yaliyopita.

"Alikuwa akimlilia mwenzake. Nikawa namwambia yuko na mama." Kisha akamgeukia afisa. "Mwanangu, huko mnakomlea ni mbali?"

Wakuu, si mbali. Tulitoka baada ya chai, tukafika jua halijawa kali.

Bibi hakugombana. Alisema hana nguvu za kulea, hao wenye duka tuliomtajia wapewe, ila kwanza aletewe Doto amwone.

Afisa akarudi. Mimi nikabaki, nimepanga chumba kwa mama ntilie mmoja hapa hapa Mwakitolyo.

Nilichojifunza: wale watu hawakuwa wabaya, yule mtoto wanampenda. Lakini wanaofahamiana wakikaguana wenyewe, kila mmoja anaona mwenzake alishauliza. Kiti cha mtu wa nje kinahitaji mtu wa kudumu anayeijua kazi, siyo fundi bati aliyeshushwa na lori. Na angekuwepo kabla ya masika, Kulwa angemwona mwenzake.

Kama humu kuna aliyewahi kukaa vikao hivi, au aliyeasili, naomba anisaidie. Doto analetwa wiki hii. Bibi ameniuliza mtoto wa umri ule anaambiwaje kwamba mwenzake hayupo, na mimi sijui.