Mbegu za Nyanya Mkawasi na Barua ya Chuo

Iko siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikisikia kijana amepeleka maombi ya kusomea falsafa akawa hali wala halali, naikumbuka upya na kujicheka. Nilikuwa kijana wa Sagalla, nimemaliza digrii ya kwanza kwa masomo ya jioni pale Voi, nikitoka kazini katika duka la vifaa vya ujenzi nikiwa na saruji mpaka kwenye kope. Nikipiga chafya darasani, mwalimu alipotelea katika vumbi. Usicheke, ni kweli kabisa, au karibu.

Basi nikaomba nafasi ya uzamili katika falsafa, vyuo vitatu kwa mpigo. Niliandika insha ya kurasa kumi na mbili kuhusu wajibu wa mtu kwa jirani yake. Mwalimu wangu naye aliandika barua ya kunisifu, nikaisoma hadi nikatamani kukutana na mtu huyo aliyesifiwa. Nikatuma, nikaanza kungoja.

Wakati ule kwetu uliweza kupigiwa simu popote, lakini intaneti ilishika mahali pamoja tu, juu ya mwamba ulio nyuma ya kanisa, unapoiona Voi yote na treni ikipita kama jongoo. Nilipanda pale asubuhi, adhuhuri na jioni. Nilikaa mpaka jiwe likachukua umbo langu. Nenda ukalitazame, liko bado. Wapita njia walinitania, "Mwanafalsafa, hawajakuita?" Nami nawajibu, "Wanatafuta kiti cha kunitosha."

Sasa mvua za vuli zikaanza. Unajua desturi yetu ya kulimiana kwa zamu: leo shamba hili, kesho lile, na mwenye shamba anawapikia wote kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharagwe. Zamu ya Nyanya Mkawasi, mjane aliyeishi peke yake upande wa chini, ilikuwa Alhamisi. Mimi ndiye niliyemletea mbegu zake za mahindi kutoka Voi, zikalala kwangu. Asubuhi ile nikasema nipite mwambani dakika mbili tu. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda.

Dakika mbili zikazaa watoto na wajukuu. Simu ikalia: jirani yangu Mwakio. Nikamkata. Akapiga tena, nikamkata, maana betri ilikuwa imebaki kidogo na nilikuwa nimeiwekea barua ya chuo. Nilimkata mara mia. Haya, mara saba. Adhuhuri barua ikaingia kweli. Chuo nilichokitamani kuliko vyote kilikuwa kinasikitika.

Niliteremka nimenyong'onyea, na katikati ya njia ndipo nikakumbuka mbegu. Watu walikuwa wamelima matuta yote, wakangoja, wakaenda zao. Nyanya Mkawasi alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba, kando yake sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Karatasi yako imefika?"

"Imefika. Wamenikataa."

"Pole, mjukuu wangu." Akaitazama ile ardhi iliyolimwa. "Uliniambia umewaandikia mambo ya jirani. Kurasa ngapi vile?"

"Kumi na mbili."

"Na hapakuwa na hata moja ya kukwambia uniletee mbegu?"

Kisha akaifunua sahani. Lilikuwa fungu langu la kimanga, ameniwekea. Mwanangu, nimewahi kukosolewa na maprofesa wenye ndevu hadi kifuani, lakini hakuna aliyenichapa kama sahani ile. Nilikula huku machozi yakinitoka, ya kutosha kumaliza shida ya maji Sagalla nzima.

Kesho yake nilipanda mbegu zile peke yangu, ila mvua ikakatika wiki ile ile. Mahindi yake yalitoka mafupi, nikagawana naye yangu. Vile vyuo viwili vilivyobaki navyo vikasikitika kwa zamu.

Mwaka uliofuata niliomba tena. Safari hii insha yangu ilianzia kwenye mlango uliofungwa, na mbegu za mtu ziko ndani. Siku jibu lilipokuja nilikuwa kwa Nyanya tangu alfajiri, jembe mkononi, simu nimeiacha nyumbani. Jioni nilipoichukua na kupanda mwambani, nikakuta barua ilikuwa imeandikwa saa mbili asubuhi. Wamenipokea. Ilikuwa imeningoja kutwa nzima, wala halikubadilika ndani yake hata neno moja.

Nikashuka mbio kumpa habari. Akacheka, akapangusa udongo mikononi.

"Nenda, mjukuu wangu," akasema. "Lakini ufunguo uache hapa."

Kwa hivyo, mwanangu, omba, na omba vyuo vikubwa bila kujidharau, hata kama umesoma jioni na saruji iko usoni. Ila ukishatuma, kazi yako juu ya barua hiyo imekwisha, iliyobaki ni yao. Usiikalie kama kuku. Mwakio akipiga, pokea. Zamu ya mtu ikifika, nenda na ulichoahidi kumpelekea. Wakikukataa, lia, kula, halafu ukae uandike tena, na safari hiyo uandike jambo linalokuuma wewe.

Mungu akujalie kupokelewa unapopatamani, akupe jirani wa kukuwekea sahani siku ya kukataliwa, na jibu lako, liwe lipi, likukute mikono yako ina udongo.