"Very" na "Much" Kule Salale

Mke wangu aliishia kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Nilipohamishiwa Salale, kule deltani, kufundisha somo hilohilo, akaamua kuurudia mtihani. Kila alasiri, akishawaanua kamba wake juani, alikuja na kigoda chake. "Haya mwalimu, anza."

Kilichomsumbua ni kulinganisha. Kwa Kiswahili chetu mpunga ni mzuri, mzuri sana, mzuri zaidi, na neno lenyewe halibadiliki sura. Yeye akasema "more bigger," akasema "very better." Nikamweleza kwamba "bigger" ina zaidi yake ndani, haitaki nyingine, na "very" hukaa na "good," ila ikishakuwa "better" inataka "much."

"Kwa nini?"

"Ndivyo walivyozoea."

"Kumbe na wao wana mila zao," akasema, akacheka. Kesho yake akanitungia sentensi: "My husband is much slower than the tide." Eti mimi mzito kuliko maji kujaa! Sikuwa na la kusahihisha.

Masika yalipokolea, homa ikamshika. Zahanati wakasema tumwahishe hospitali, Kibiti. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa topeni, ikabidi tungoje. Nilimpakata, mama yake akimkanda kwa kitambaa.

"Unajisikiaje?" nikamwuliza.

"Worse," akanong'ona, yaani vibaya zaidi. Kisha akafumbua macho. "Much worse. Siyo very."

"Umepatia," nikamwambia.

Boti ilipoelea tukaondoka. Nchi kavu tulifika, gari likapatikana, lakini hospitali hatukumfikisha hai. Tulimzika kwao Ruaruke, baada ya swala ya adhuhuri.

Niliporudi darasani, somo lililokuwa mbele ni hilo la kulinganisha. Nikaandika kichwa ubaoni, nikasimama. Nikatoka, nikamwomba mwalimu mkuu anipe somo la Uraia. Akakubali.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha na watu wametawanyika, nilimkuta mama mkwe uani akisugua masufuria. Nikachuchumaa kumsaidia.

"Mwanangu," akasema, "mdogo wake naye kaingia sekondari. Kizungu kinamshinda. Hutaweza kumwelekeza?"

"Bado siwezi, mama."

"Najua. Na mimi jina la dada yake bado siwezi kulitaja."

Akanisogezea sufuria jingine, tukaendelea kusugua.