Kanda Yenye Sauti ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilimpiga mjukuu wangu kofi la mkono kwa sababu ya simu. Hapa nyumbani Kasulu wote walishangaa, maana mimi ni mkali wa maneno, lakini mkono wangu haunyanyuki ovyo. Nilikuwa nyuma ya mashine yangu ya kusaga, injini imezimwa, napepeta ulezi kwenye ungo, na bila kujua nikawa naimba. Mtoto alikuwa amesimama mgongoni kwangu na simu yake. Nilipogeuka akacheka.

"Bibi, kumbe una sauti! Hebu jisikilize."

Nikaisikia sauti yangu inatoka kwenye kile kidude, hata maneno sikuyangoja. Nikampiga mkononi. "Futa. Futa sasa hivi nikiona." Akafuta huku machozi yanamtoka, na hadi leo ananipita mlangoni kama mpangaji.

Sasa kaa nikueleze, maana yeye sijamweleza. Nilisoma mpaka darasa la nne, na haya naandika kwenye daftari la mashineni, kwa hiyo unisamehe nikiruka mstari. Lakini nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna mwanamume aliyeninunulia hata msumari wake mmoja. Nasema hivyo ujue kwamba nikikiri kosa, sikiri kwa unyonge.

Nyumbani kwetu kulikuwa Heru Juu, miaka ya sabini ilipokuwa inaanza, kabla hatujahamishiwa kwenye kijiji cha pamoja. Nyumba zetu zilikuwa tatu kwenye uwanja mmoja: ya bibi mzaa baba, ya baba yangu, na ya baba mdogo na mkewe. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka jua lipande, na sauti ya kwanza kuisikia haikuwa jogoo. Ilikuwa jiwe la kusagia. Mwanamke anapiga magoti, jiwe kubwa liko mbele yake, jiwe dogo liko mikononi, anasukuma na kuvuta, ulezi unalia krrr, krrr, na unga mwekundu unaangukia kwenye ngozi. Harufu yake naijua hata usingizini.

Na anayesaga lazima aimbe. Kazi ile bila wimbo inavunja mgongo. Mke wa mtu hakuwa na ruhusa ya kumjibu mama mkwe wala kumlalamikia mumewe mbele ya watu, ila akiwa jiweni alisema yote. Aliimba kwamba mume ni mlevi, mama mkwe ni mchoyo, mawifi ni wambeya. Wote uwanjani walisikia na hakuna aliyesikia. Ukipita unapita, ukisalimia unasalimia, na ule wimbo huuchukui kwenda nao popote. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na mtoto wa kike aliijua kabla hajajua kusonga ugali.

Hodari wa kuimba alikuwa mama mdogo, mke wa baba mdogo. Aliolewa kutoka Busunzu, upande wa Kibondo, mbali na ndugu zake wote. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mtoto wake wa kiume wa miaka mitatu hakuacha kumshika nguo. Mimi nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu, nalisema hilo bila aibu. Alinifundisha kushika jiwe nisichubuke, na mawese yakibaki chini ya chungu cha maharage alinipa mimi nifute kwa ugali.

Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga, miaka minne. Aliporudi alileta blanketi mbili, baiskeli isiyo na breki, na redio ya kanda. Ilikuwa ndogo, unaibeba begani kwa mkanda, na ilivishwa ngozi yenye vitundu mbele pa kutokea sauti. Ilinuka ngozi mpya na betri za moto. Mbele ilikuwa na vitufe vyeusi vinne na kimoja chekundu. Kaka yangu mkubwa aliikwamisha kanda siku ya kwanza, ikatoka kama utumbo wa kuku. Mimi nikaizungusha taratibu kwa kijiti cha bua mpaka ikarudi yote. Baba akaniangalia sana, kisha akasema mbele ya kaka zangu, "Kuanzia leo hii mashine ni ya huyu. Anayetaka muziki amwombe yeye."

Hebu fikiria. Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili! Watu wazima walinitafuta. Betri zikichoka niliziuma kwa meno na kuzianika juani, zikapata nguvu ya nyimbo mbili zaidi. Nililala nayo kichwani. Nikienda kisimani nilikwenda nayo, mtungi kichwani na mashine begani, na wenzangu walinifuata kama mbuzi wanavyofuata chumvi.

Kile kitufe chekundu baba alinionyesha mara moja tu. Ukikibonyeza pamoja na cheusi cha pili, mashine inashika sauti. Asubuhi moja nilijificha na mashine nyuma ya tenga la mahindi, hatua tatu kutoka kwa mama mdogo akisaga, nikatia kanda tupu iliyokuja na mashine, nikabonyeza vyote viwili. Aliimba, na wimbo wenyewe ulikuwa hivi, ingawa Kiha chake kilikuwa kitamu na Kiswahili changu hakikibebi:

Mama mkwe anapima unga kwa macho,
mwanawe ananipimia maneno kwa fimbo.
Saga, jiwe langu, saga,
ndugu niliye naye hapa ni wewe.

Niliisikiliza peke yangu shambani siku nzima. Nakuapia, wakati huo sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya ilikuja Jumapili.

Jumapili ile tulikuwa tumemaliza kupiga maharage, na watu walikuja uwanjani kwetu kunywa pombe ya ndizi na kusikiliza mashine. Kanda za muziki tulikuwa nazo mbili tu. Wakazisikiliza, wakacheza, wakazisikiliza tena. Mwishowe jirani yetu mmoja, mtu wa midomo, akasimama akakung'uta suruali.

"Aa, twendeni jamani. Mashine yenyewe inajua nyimbo kumi na mbili. Hata kasuku angekuwa ameongeza."

Watu wakacheka, wakaanza kuinuka. Nikaona ufalme wangu unaondoka na vibuyu vyao. Nikasema kwa sauti, "Ngojeni! Kuna nyingine hamjaisikia." Na nikaiweka. Bibi alikuwa ameketi pale kwenye mkeka. Baba mdogo alikuwa pale. Mama mdogo alikuwa anatoka jikoni na kibuyu cha pombe mkononi.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba nilikosea kanda. Uongo. Nilijua ni ipi.

Mstari wa kwanza watu walitabasamu kwa kuijua sauti. Wa pili, macho yote yakamgeukia bibi. Aliyefurahi alikuwa mwalimu wa shule peke yake. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, Kiha hakijui hata neno, akapiga makofi: "Sauti safi sana hiyo! Rudisha, rudisha mwanzo!" Na mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikarudisha. Ikaimba mara ya pili. Nilipoinua macho, mama mdogo alikuwa ameweka kibuyu chini, ameshika kidevu, na baba mdogo ameondoka bila kuaga wageni.

Asubuhi yake tuliitwa, ukoo mzima, mbele ya nyumba ya bibi. Mzee wa ukoo alikuja na fimbo yake. Nilitegemea wamlaumu kwa maneno ya wimbo. Lakini bibi hakuyagusa.

"Mimi pia nilimsema mama mkwe wangu jiweni," bibi alisema. "Nilimsema kuliko huyu. Lakini jiwe langu halikunipeleka kwa wageni. Nataka kujua kitu kimoja: nani aliyaingiza humo?"

Mzee wa ukoo akanigeukia. "Mtoto, sema. Mama yako mdogo alikuambia umshike sauti, au ulimwibia?"

Hapo ndipo kesi yote ilipokaa. Kama niliiba, kosa ni langu, nachapwa na yanaisha. Kama yeye alinituma, basi amewatangaza wakwe zake kwa makusudi, na mwanamke wa namna hiyo hakai. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikafungua mdomo kusema kweli. Ndipo baba, akiwa na hasira, akadakia: "Kama ameiba sauti ya mtu, hii mashine kesho asubuhi naipeleka Kasulu kwa mwenye duka. Haitalala hapa."

Nilikuwa nimeikumbatia. Mkanda ulikuwa begani. Nikasema, "Aliniambia nimshike."

Mama mdogo aliniangalia. Hakukasirika, na bora angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mzee wa ukoo akamuuliza, "Mkwe, mtoto anasema kweli?" Akasema, "Mtoto ameshasema." Basi. Akaenda kufunga nguo zake.

Aliondoka siku ile ile kwa miguu kwenda barabarani kutafuta lori la Kibondo. Mtoto ni wa ukoo, kwa hiyo alibaki. Alilia mpaka akaishiwa sauti, akawa anafungua mdomo tu. Na kwa kuwa mama yangu alikuwa na mtoto mchanga, aliyekabidhiwa kumbeba ni mimi. Bega moja mashine, mgongoni yeye.

Baba alikuwa ameamuru ile kanda ifutwe. Sikuifuta. Mtoto akizidi kulia nilimpeleka nyuma ya migomba nikamwekea. Alinyamaza pale pale. Aliizunguka mashine, akatazama nyuma yake, akagonga kile kifuniko cha betri kama anayegonga mlango. Siku moja nilimwacha nayo nikakimbilia kuni mvua isinyeshe. Niliporudi nilimkuta na bakuli lake la uji wa ulezi. Alikuwa anaumimina kijiko kwa kijiko kwenye vile vitundu vya mbele, taratibu, anasubiri, anamimina tena. Alikuwa anamlisha mama yake.

Mashine ilikoroma mara moja, haikusema tena. Kanda iligandana. Baba alipouliza nikasema mimi ndiye niliyemwaga uji. Nikachapwa hadi fimbo ikakatika. Huo ni uongo wangu wa pili, na huo siujutii.

Mama mdogo aliolewa tena huko kwao. Nilipokuwa msichana mkubwa nafanya biashara ya maharage, lori letu lilipita Busunzu, likasimama karibu kabisa na nyumba yake. Nilimwona anaanika muhogo. Nilikuwa na vitenge viwili nimemnunulia. Sikushuka. Nilijiambia lori litaniacha. Alifariki kabla sijapita tena. Vile vitenge niliviuza.

Sasa sikia kilichonifanya nikae na daftari. Yule mtoto wa uji sasa ana mvi, ni fundi cherehani hapa Kasulu, na ananiita dada. Mjukuu wangu humpelekea umbeya wote. Siku ya tatu baada ya lile kofi fundi huyo alikuja mashineni, akakaa juu ya gunia.

"Dada, mtoto anasema amekurekodi ukiimba, ukamchapa. Anasema ulikuwa unasema 'saga, jiwe langu.' Ni wimbo gani huo?"

Kumbe ndio niliokuwa naimba. Kwa mdomo wangu, baada ya miaka yote hiyo, ulikuwa umekuja mzima, na mimi nikamwamuru mtoto aufute. Mara ile ya kwanza uliuawa na uji. Mara hii ni mimi.

Nikazima injini, wateja wakaguna. Nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka. Swali la mzee wa ukoo, na jibu langu. Alinisikiliza akiwa ameshika tepu yake ya kupimia, anaikunja na kuikunjua. Nilipomaliza hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na uji? Nimekua nikiambiwa uliumwaga wewe."

"Uliumwaga wewe. Ulikuwa unamlisha."

Akainuka akaenda. Hakuaga.

Wanawake wanakuja kwangu na debe, wanapanga foleni, mashine inaunguruma, dakika tano unga uko tayari. Najivunia hilo, nimeokoa magoti ya wengi. Lakini yule mwenye neno na mama mkwe wake, siku hizi analisemea wapi? Analiandika kwenye simu, na kabla unga haujapoa limeshafika Kibondo.

Nilikwenda Heru Juu kwenye uwanja wa zamani. Jiwe nililikuta, watu wanafulia nguo juu yake. Nimelileta hapa kwa toroli. Maneno ninayo, lakini wimbo wenyewe kwa sauti yake hauji nikikaa kuukumbuka, nadhani unakuja mikono ikiwa kazini. Kwa hiyo alfajiri napiga magoti na ulezi kidogo, na mjukuu wangu anakaa kando na simu yake. Nimemwambia, "Ukinisikia naimba, bonyeza. Safari hii nakuomba mwenyewe." Bado ananuna, lakini anakaa.

Nimesaga asubuhi nne. Unga unatoka, wimbo hautoki. Mdogo wangu, yule fundi, hajaja tena mashineni. Ila amemtuma mtoto mara mbili kuuliza kama wimbo umekuja.

Nimemjibu bado.