Nilivyoonyesha wageni nyumba tuliyoiuza Amu, kwa Kihispania cha kuokoteza

Wakuu, salaam. Hili limenipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Mimi ni tour guide hapa Amu, yaani Lamu. Bibi alipofariki tuliuza nyumba yake, na mwenye nayo sasa kaifanya guest house. Alitaka guide wa Kihispania. Akanipa trial moja: nizungushe wageni wawili, yeye akitazama. Nikifaulu, kazi yangu.

Nikakazania imperfect, tense ya mambo yaliyokuwa yakifanyika siku zote. Verb za -ar ni mteremko. Chukua cocinar, kupika. Toa -ar, bandika -aba.

Mimi: cocinaba (nilikuwa nikipika)
Wewe: cocinabas
Yeye: cocinaba, ileile
Sisi: cocinábamos
Nyinyi: cocinabais
Wao: cocinaban

Nyumba ya zamani, utahitaji nini zaidi?

Shida ikawa mama. Akasema naye anakuja. Tangu tuuze hajakanyaga pale, nami niliogopa ataangua kilio, kazi niikose.

Siku ikafika. Nikasimama ukumbini chini, kifua mbele: "Aquí cocinaba mi abuela."

Mama akauliza nasema nini. Nikamjibu, hapa bibi alikuwa akipika.

"Hapa? Jiko lilikuwa yuu, mwanangu! Huo moshi ungetuua!"

Niliona aibu, acheni tu. Mama huyoo ngazini, wageni nyuma yake. Kule juu akawaonyesha walipokuwa wakipika, wakiimba, wakicheza. Mimi nafuatisha: cocinábamos, cantábamos, bailábamos. Chozi hakutoa. Aliyelia ni mmoja wa wale wageni wawili, mwanamke wa Kihispania.

Mwenye nyumba akanipa kazi palepale. Kisha akamwomba mama awe anawapikia wageni kila Ijumaa, kwa malipo mazuri.

Mama akaweka sawa buibui lake.

"La, Bwana. Hapa nilikuwa nikipika kwangu. Sitokuya kupika kwa mtu."

Akashuka ngazi.

Wageni wakanitazama, wanataka kujua kasema nini. Nikawaambia, "Aquí cocinaba." Iliyobaki sikuitafsiri.

Nilichojifunza: -aba utaikariri kwa jioni moja tu. Lakini kabla hujamweleza mgeni watu walikuwa wakiishi vipi, muulize aliyeishi.

Kazi bado ninayo, na jiko nalionyesha juu. Mama hajarudi tena.

Nanyi wakuu, kuna nyumba mnapita nje tu siku hizi? Semeni, nasoma comments zote.