Spiriti ya Kuchanganyia Magnesia

Jilala alizaliwa Shinyanga, kijiji cha jirani na Mwadui, lakini riziki ilimpeleka kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Mwaka 1954 alitolewa karakana akapelekwa kibanda cha mabati, kumsaidia mkemia wa mgodi, Mgoa aliyeitwa Fernandes. Dizeli waliyoletewa ilikuwa na salfa nyingi. Ikiungua ilitoa asidi, na asidi hiyo ilikuwa ikizila injini za kufua umeme. Fernandes alitaka kutengeneza dawa ya kutia kwenye oili, iiue asidi kabla haijagusa chuma.

Jilala akaizoea kazi. Alipasha moto oili iliyokwisha kutiwa tindikali, akamimina magnesia, unga mweupe wa kuua asidi, pamoja na spiriti, kisha akafungulia gesi ya kaboni ipite humo, mchanganyiko ukitokota kama uji. Spiriti ndiyo iliyofanya magnesia ishikane na gesi, ikae ndani ya oili bila kutuama. Mwisho waliichemsha hadi spiriti yote iruke, wakachuja, ikabaki dawa nzito yenye rangi ya asali.

"Spiriti hii ya methili ni sumu," Fernandes alimwonya. "Usionje hata tone."

Jilala naye alimwonya hivyo hivyo mdogo wake Cornel, aliyekuwa akipaka injini grisi palepale mgodini. Cornel alicheka. "Inanukia pombe kabisa hiyo, kaka."

Jumapili Cornel alipombatizisha binti yake wa kwanza, Sikujua, pombe iliisha wageni wakiwa bado na kiu. Cornel akaenda kibandani, akarudi na chupa ya ile spiriti. Waliojaribu waliitema. Yeye, kwa ubishi, aliinywa peke yake, wenzake wakimshangilia. Jilala alikuwa zamu kwenye injini, akiijaribu dawa, hakuliona hilo.

Kesho yake mchana Anisia, mke wa Cornel, alikuja mbio kumwita Jilala. Jilala alimkuta Cornel ameketi mlangoni, jua kali likimpiga usoni, macho wazi.

"Shikamoo, kaka," Cornel alisema aliposikia sauti yake. "Mbona leo giza limeingia mapema?"

Anisia akajiziba mdomo kwa kanga. Jilala aliitikia marahaba, akakimbia kuomba gari.

Gari la mgodi lilimkimbiza Cornel hospitali. Maisha yake yaliokolewa, lakini ile spiriti ilikuwa imempofusha.

Baada ya miezi kadhaa injini iliyotiwa dawa ilifunguliwa. Fernandes alimwita Jilala kwa furaha. "Njoo uone! Pistoni hazina mkwaruzo!"

Jilala alikitazama kile chuma kikimeremeta. Harufu ya spiriti ilikuwa bado imeganda kwenye mikono yake. Machozi yakamtoka mbele ya mafundi wote.

"Bwana, niruhusu niende nyumbani," alisema. Fernandes hakumbishia.

Ndugu hao wawili walirudi Shinyanga na Anisia na mtoto, wakalima pamba. Jilala alishika jembe. Cornel alikaa kivulini akichambua mbegu kwa vidole. Asubuhi moja Anisia alipiga kelele za furaha uani.

"Kuna nini?" Cornel aliuliza.

"Mwanao Sikujua anatembea," Jilala alimjibu.

"Anakuja upande gani? Kaka, niambie, anakuja upande gani?"

Jilala akapiga magoti, akaushika mkono wa mdogo wake, akaunyoosha kuelekea kwa mtoto.